Bi Matundu na Biringanya Zisizo na Tundu

Miaka yote niliyokaa nyuma ya meza ya mboga, nimepata mteja mmoja tu aliyelipa bei kamili kwa mali iliyotobolewa na wadudu, tena akashukuru. Wengine huokota biringanya, huigeuza chini juu, na wakiona kitundu kama cha sindano huirudisha haraka kama vile imewauma. Yeye alikuwa kinyume chao. Akikuta biringanya inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja. "Hii imeogeshwa nini?" Kisha aliinama, akachimbua chini ya tenga, pale tunapoficha zile tusizotaka zionekane, akainuka na zenye matundu. Ndiyo maana soko zima lilimwita Bi Matundu, na mwenyewe aliitika bila kununa.

Mimi sikumcheka. Mteja wa aina hiyo ukimcheka umejikata mkono mwenyewe. Nilimtengea zake kila alfajiri, nikazifunika kwa gunia, jirani asizione, na akifika namwambia, "Mama, leo wadudu wamekukumbuka."

Ni mama mfupi, mpana, anayetembea na kisu chake mwenyewe kimezungushiwa kitambaa ndani ya mkoba. Alikuwa na jiko la kiwanda cha kushona mashati, kule nyuma ya soko, jengo refu lenye madirisha ya juu ambalo ukipita mchana unasikia cherehani zinavuma kama nyuki. Hakupewa jiko lile na mjomba wala shangazi. Alianza kwa kusimama getini na chupa za chai. Walinzi wakamzoea, kisha mafundi, kisha siku mpishi wa zamani alipougua wakamwomba ashike mwiko kwa muda. Huo muda ukawa mrefu. Mimi nilianza na beseni la nyanya kichwani, kwa hiyo watu wa namna hiyo hawanipi shida kuwaelewa. Anabishana bei mpaka unataka kumpa bure aondoke, lakini akishasema "nimechukua," hageuki.

Kuhusu matundu alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo alikuwa akiishi nayo nyumba moja. Mumewe, ambaye sote tunamwita Babu Bomba, ujana wake wote alibeba bomba la dawa mgongoni katika shamba kubwa la mboga. Asubuhi anapuliza, jioni anarudi nguo zinanuka. Siku hizo glavu zilikuwa hadithi. Sasa mikono yake inatetemeka, na kikombe chake cha chai hujazwa nusu ili kisimwagike. Daktari hakusema ni dawa, wala hakusema si dawa. Bi Matundu hakumngoja amalize kufikiri. Alijitungia sheria yake: mdudu si mjinga, palipo na sumu hakai, akiishi yeye ndani ya biringanya, na sisi tutaishi.

Sheria ile ilimtosha mpaka msimu ule wa viwavi.

Wanaouza mboga wanajua jinsi kiwavi wa biringanya alivyo. Nje anaacha kitundu cha adabu, ndani amechimba njia kama mtu anayetafuta maji. Kwa kawaida Bi Matundu alipasua, akakata pale palipoharibika, akapika palipobaki. Msimu ule hapakubaki. Nusu ya alichonunua iliishia kwenye pipa, na nusu iliyoingia sufuriani ilipita mbele ya macho yaliyochoka ya binti yake na mkaza mwanawe, ambao ndio wasaidizi wake jikoni.

Kiwandani kulikuwa na mkata vitambaa mmoja ambaye wenzake walimbatiza jina la Mkaguzi, kwa sababu hali kitu bila kukifungua kwa uma na kukitazama ndani. Siku hiyo alifungua, akatazama, akakuta kiwavi amekaangwa akakaangika. Hakupiga kelele. Alitoa simu, akampiga picha, akaituma kwenye kundi la wafanyakazi na maneno haya chini yake: "Leo tumeongezewa nyama." Kabla sahani hazijaoshwa, picha ilikuwa imeshafika kwa meneja.

Meneja si mtu mbaya. Alimwita ofisini akamwambia, "Mama, chakula chako nakipenda. Lakini mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Nikiletewa mdudu mwingine kabla ya hapo, jiko nampa mwingine." Huyo mwingine hakuwa wa kutafutwa, alikuwa ameshaanza kuleta sampuli za chakula zilizofunikwa vizuri na karatasi ya kung'aa. Jiko likienda, vibarua vitatu vinaota nyasi siku moja: cha mama, cha binti, na cha mkaza mwana.

Utauliza, si aache biringanya apike kitu kingine? Hata mimi nilimuuliza. Alinihesabia kwa vidole. Nyama bei ya sahani haikuiruhusu. Kabichi msimu ule ilikuwa imepanda mpaka inajiona nyama. "Na maharage," akasema, "wape watu maharage kila siku halafu wafungie kwenye chumba kimoja na cherehani. Uje uniambie."

Kwa hiyo alikuwa amebanwa huku na huku. Zenye matundu zina mdudu, na mdudu atamnyang'anya jiko. Zisizo na matundu, kwa sheria yake, zina sumu.

Basi mimi nikaona biashara. Wiki hiyohiyo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa ameniletea biringanya za aina mpya. Alipewa mbegu na watu wa kituo cha utafiti, mbegu iliyobadilishwa vinasaba ili kiwavi asiiweze. Zilikuja matenga kwa matenga, zote nzima, na sikuwa nimetupa hata moja. Kwa muuzaji hilo ni jambo la kukufanya uangalie nyuma kama kuna mtu anakutania.

"Chukua hizi, mama," nikamwambia.

Akaigeuza moja. "Tundu liko wapi?"

"Haina."

"Basi ina dawa."

"Dawa ya kiwavi haijapigwa. Mbegu yenyewe ndiyo imebadilishwa. Kiwavi akiitafuna hafiki mbali."

Aliiweka chini polepole. "Yaani mdudu akila anakufa, halafu mimi niwapakulie watu."

"Watu si viwavi, mama."

"Hilo unaniambia mimi niliyezaa watu? Mwanangu, tangu nikujue hujawahi kuniuzia mbuzi kwenye gunia. Usianze leo."

Akaenda zake na kabichi chache za bei ya kuumiza. Sikumfuata. Mteja akishakuwa na hasira, miguu yake ndiyo inayosikia, masikio yamefungwa.

Jirani yangu wa meza ni Bwana Ofa. Jina amejipa mwenyewe, kwa kuwa kila kitu kwake kiko kwenye ofa, hata kile alichonunua ghali kuliko anavyouza. Masikio yake huwa mezani kwangu saa zote. Mchana huo alikuja akanunua kwangu matenga ya zile biringanya mpya, akalipa taslimu bila kubishana. Bwana Ofa kulipa bila kubishana ni kama mbuzi kupita kwenye mchicha akasalimia tu. Ningepaswa kushangaa zaidi, lakini nilikuwa na haraka ya kupokea mzigo mwingine.

Asubuhi yake nikamsikia anaita: "Mama, njoo huku, matundu mabichi haya, ya alfajiri hii!"

Bi Matundu akaenda. Akageuza, akaona tundu. Akageuza nyingine, tundu. Akapasua moja kwa kisu chake: nje tundu, ndani nyeupe, safi, hakuna njia wala kinyesi cha mdudu. Uso wake ukafunguka. "Ameonja akahama," akasema. Alichukua tenga lote, na kesho yake akachukua tena. Jikoni hakuna kilichotupwa. Mezani Mkaguzi alifungua, akatazama, akala. Meneja mwenyewe aliomba kuongezewa.

Aliyeharibu sherehe ni Babu Bomba. Mzee huyu huenda jikoni asubuhi kumsaidia mkewe kuondoa vikonyo, kazi ambayo mikono yake bado inaimudu kwa sababu biringanya haimwagiki. Alikuwa amejipanga na beseni lake, akawa anasimama, anaendelea, anasimama tena. Mwishowe akamwita mkewe.

"Mama watoto, huyu mdudu wako alikuwa fundi seremala?"

"Kwa nini?"

"Matundu yote yamenyooka. Yote kina kimoja. Hakuna hata mmoja aliyepinda kona. Na wote wametoboa pembeni, hakuna aliyeingilia kwenye kikonyo."

Bi Matundu alipasua nne mfululizo. Kisha akavua aproni.

Nilimwona akiingia sokoni na nikajua kuna mtu atapewa zake za uso. Alisimama mbele ya Bwana Ofa, akainua biringanya. "Umetoboa na nini?"

Bwana Ofa aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona soko lote linamsikiliza. "Na njiti ya mwavuli," akasema. "Mama, usinikasirikie. Ulitaka matundu, nikakupa matundu. Biringanya zenyewe ni zile nzuri za hapo kwa jirani."

Watu walivunjika mbavu. Muuza vitunguu aliomba naye atobolewe kitunguu kimoja aone kama kitauzika. Bi Matundu hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua kanunua. Ya mwavuli nimeyasikia na wewe sasa hivi."

Akaamini. Kisha akakaa juu ya tenga tupu, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Kwake kukaa sokoni ni kumpa muuzaji nafasi ya kupumua. "Nimewalisha watu wangu kitu nisichokijua," akasema. "Wamekula, wamesifu, wakaongeza. Na mimi nilikuwa nimeshakataa kwa mdomo wangu."

"Kuna aliyeumwa?"

"Hakuna. Lakini wangeumwa ningejibu nini? Kwamba nilidanganywa na mwavuli?"

Hapo ningeweza kusema mengi. Nilisema kile kilichokuwa na faida kwetu sote. "Mimi sijui mambo ya vinasaba, naujua upande wa mizani. Lakini Jumapili nakwenda kupakia kwa shemeji. Njoo ukaone shamba. Mlete na mzee, yeye dawa haimpigi chenga."

Jumapili walikuja wote wawili, Babu Bomba amevaa koti. Shemeji yangu alipotuona tunashuka garini alisema, "Shemeji, safari hii umekuja na polisi?"

"Nimekuja na wateja. Polisi wana huruma."

Alitaka kutupeleka moja kwa moja shambani, kwenye majani, kama wakulima wote. Babu Bomba akamzuia. "Majani baadaye. Nionyeshe bomba lako la dawa."

Lilikuwa stoo, limetundikwa kwenye msumari, na mikanda ya kubebea mgongoni haipo.

"Mikanda iko wapi?"

"Nimefungia mbuzi."

Tukatoka nje. Kweli, mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo kwa mikanda ya bomba, anatafuna bila wasiwasi. Babu Bomba alimtazama yule mbuzi zaidi kuliko alivyotazama kitu kingine chochote siku hiyo. Mtu aliyetegemea bomba kila mara hawezi kumpa mbuzi mikanda yake. Akarudi ndani, akafungua kifuniko, akanusa.

"Pamekauka," akasema. "Lakini si kabisa."

"Si kabisa," shemeji akakubali. "Inzi weupe bado wanakuja, na mbegu hii haiwajui hao. Nikiwaona wamezidi nalishika mkononi napuliza kidogo. Ila kiwavi ndiye aliyekuwa bosi wangu. Msimu wa zamani nilikuwa napuliza, mvua inaosha, napuliza tena, mpaka karibu na siku ya kuvuna. Mke wangu alikuwa anafua nguo zangu kando, mbali na za watoto."

Bi Matundu alimtazama mumewe. Yeye pia alikuwa amezifua nguo za mzee hivyohivyo miaka mingi.

Baadaye, tukiwa tumekaa kwenye benchi la jikoni kwa shemeji, Bi Matundu aliuliza swali lililomleta. "Hicho kinachomuua kiwavi kiko ndani ya biringanya?"

"Kiko."

"Na mimi nikikila?"

"Waliotuletea wanasema tumbo la kiwavi lina pa kukipokea kitu hicho, letu halina, kwetu kinasagwa kama chakula kingine. Wamekipima kabla ya kuruhusiwa. Mimi maabara yao sijaingia, mama, nakwambia nilichoambiwa. Ninachokijua mwenyewe ni kwamba tunazila humu ndani tangu msimu uliopita, mimi, mke wangu na watoto."

"Na mbegu ni ya nani?"

"Hii nahifadhi mwenyewe baada ya mavuno. Siku wakiniambia ninunue upya kila msimu, tutaongea lugha nyingine."

Nikauliza na langu: majirani zake wakipanda wote itakuwaje. Akacheka. "Itakuwa biringanya zitajaa sokoni na wewe utashusha bei." Nilifurahi kama mlaji, nikanuna kama muuzaji. Lakini nilipiga hesabu ya zile zinazoishia pipani kila msimu kwa ajili ya viwavi, nikaona kwamba bei ikishuka na uozo ukapungua, bado nitalala usingizi.

Shemeji alitaka kumfungashia zawadi. Bi Matundu alikataa zawadi, akanunua tenga zima, na akambishia bei mpaka mbuzi akageuka kuangalia.

Jumatatu alipofika jikoni, kabla ya kuwasha moto, alimwita binti yake aandike kwenye ubao wa matangazo ya chakula, kwa chaki, herufi kubwa: leo kuna biringanya za mbegu iliyobadilishwa vinasaba, hazina kiwavi na zimepuliziwa dawa kidogo tu, zile za wiki iliyopita zilikuwa hizihizi, na mpishi hakujua, asiyetaka, kuna kabichi upande wa pili.

Meneja aliposoma alishuka ngazi mbilimbili. "Mama, kwa nini unawatisha watu? Walikuwa wanakula vizuri."

"Nimewaambia mimi mwenyewe. Wakija kuambiwa na mwingine ndipo watakapotishika. Picha ya kiwavi ilifika kwako kabla sijanawa mikono. Habari hii nayo itachukua muda gani?"

"Na wakikataa kula?"

"Kabichi ipo."

"Na mkataba?"

"Uko mkononi mwako. Lakini sipiki kwa kificho."

Kengele ikalia, mafundi wakatoka, wakasimama mbele ya ubao. Binti yake alinisimulia kwamba watu walisoma na kusoma tena. Mshonaji mmoja mwanamama akasema kwa sauti, "Mimi vya maabara sili," akaenda upande wa kabichi, na wengi wakamfuata. Bi Matundu akawapakulia. Mstari wa biringanya ulikuwa umebaki na watu wa kuhesabika, na binti yake anasema mama alikuwa ameshika mwiko kama mtu aliyeshika usukani kwenye mteremko.

Kisha akaja Mkaguzi. Alisoma ubao mpaka mwisho. "Za wiki iliyopita zilikuwa hizihizi?"

"Hizihizi. Nilidanganywa, nami nikawapa. Nisameheni."

"Mbona zilikuwa tamu." Akasogeza sahani. Akakaa, akafungua kwa uma kila kipande, akatazama huku na huku wakati chumba kizima kinamtazama yeye. "Mama," akaita toka mezani, "nyama yangu leo iko wapi?"

Hapo kicheko kikapasuka, na kabichi ilipokwisha, waliochelewa walikula biringanya, wengine kwa shingo upande, wengine wakirudi kuongezewa. Kesho yake mistari ililingana. Wiki ilipokwisha, sufuria la biringanya ndilo lililokuwa likikwanguliwa. Yule mshonaji hajabadilika mpaka leo. Bi Matundu humpikia kabichi yake na hajawahi kumbishia. "Tumbo ni lake," anasema, "na amesoma ubao."

Mwisho wa mwezi meneja alisaini. Inasemekana alimuuliza kama ataendelea na ule ubao, naye Bi Matundu akajibu kwamba ubao ndio umemrudishia jiko, basi hauondoki. Yule wa karatasi za kung'aa alibeba sampuli zake akazila mwenyewe.

Bi Matundu anakuja kwangu bado, alfajiri, na kisu chake kwenye kitambaa. Mazoea ni mazoea: anaokota biringanya, anaigeuza chini juu, anatafuta tundu. Halipo. Anaipasua, anatazama ndani, anaitia kwenye tenga. Akiziona zile za mbegu ya zamani zenye kung'aa, bado anauliza zimeogeshwa nini, na hapo simlaumu, maana mara nyingi huwa zimeogeshwa kweli.

Juzi alimaliza kuchagua, akaweka mkono kiunoni.

"Sasa tuongee bei."

"Bei ileile, mama."

"Ileile ya lini? Miaka yote umeniuzia matundu kwa bei ya biringanya nzima."

"Ulikuwa unayataka mwenyewe."

"Niliyataka. Sasa siyataki. Na shemeji yako na majirani zake wanavuna mpaka wanazikwepa njiani, usinifiche, mzee wangu ameenda huko kumsalimia mbuzi. Shusha."

Bwana Ofa aliinua shingo toka meza ya pili. "Mama, kwangu kuna ofa."

"Wewe kaa na mwavuli wako."

Nikashusha. Si kwa mapenzi. Matenga mengine yalikuwa njiani kuja, na mali isiyooza bado inachukua nafasi mezani. Alisema "nimechukua," akampa mchukuzi tenga, na wakaondoka kuelekea kule kwenye madirisha ya juu, cherehani zikiwa zimeshaanza kuvuma.